Kijana aliyenirekodi video sasa anauza pilipili kwa jina la bibi yangu

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie maana wiki ya tatu hii silali. Niko Busia, upande wa Uganda, natengeneza pilipili ya chupa. Nilianza 2019 na sufuria moja na kinu cha marehemu bibi, pilipili nikaipa jina lake, jina lenyewe silitaji hapa utanielewa. Mwanzo nilikuwa nakata karatasi nabandika kwenye chupa kwa uji wa unga wa muhogo kwa sababu gundi ilikuwa inanimalizia faida. Nilikuwa naposti Facebook, ilivyofungwa Januari 2021 wateja wote wakapotea nikaanza upya WhatsApp namba moja moja, leo nina namba kama 600 za watu wa Tororo, Mbale, Kampala na wengine hapo ng'ambo Busia ya Kenya.

2020 nilienda URSB, ofisi ya serikali ya usajili, nikaandikisha jina la biashara, nikapewa cheti, nimekitia fremu kiko ukutani. Baadaye nikapata na Q ya UNBS, ile alama ya ubora ya shirika la viwango, hiyo nilitoka jasho kweli maana sampuli zilirudishwa mara mbili.

Sasa 2023 kuna kijana, mtoto wa jirani, namjua tangu anatembea bila viatu, akaniambia mama wacha nikufungulie TikTok. Tukakubaliana nimlipe kwa kila video, namtumia kwa mobile money, hatukuandika chochote maana ni mtoto wa nyumbani. Akaunti akafungua kwa laini yake mwenyewe, mimi hata sikuwaza. Akanipiga video natwanga, naosha chupa, napika, watu wakapenda, wafuasi wakafika elfu 40. Mwaka huu tukakorofishana kwa hela, alisema kuna video nane sijamlipa, akaondoka, akabadilisha pasiwadi. Wiki mbili baadae naambiwa na mteja mbona umeshusha bei, naangalia naona mikono yangu Shangazi, mikono yangu na kinu cha bibi, alafu chini namba ya simu ni ya kwake!

Nikatuma mtu akaninunulia chupa moja sokoni. Lebo ya njano ileile, kinu kilekile. Kwenye lebo yangu printa wa Nasser Road kule Kampala alikosea akaandika "Tikisa kabla ya kutumi", ile a ya mwisho haipo, nikaona kuprinti upya ni hasara nikaacha. Na ya kwake imeandikwa "kutumi". Mpaka namba yangu ya Q ameiweka. Kuna mama wa Tororo amenipigia akilia tumbo, nikamwambia nitumie picha, kumbe chupa si yangu.

Nilimpeleka kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji. Akaja kifua mbele, akasema mbele ya watu kuwa cheti changu ni karatasi ya jina tu, yeye ameshapeleka tredimaki Kampala na ikitoka mimi ndo nitakuwa mwizi. Namba za wateja pia anazo maana simu yangu alikuwa anaishika kila siku, sasa anawaandikia. Nilipoweka status kwamba ni mwizi akanitumia meseji kuwa atanifungulia kesi ya mtandao, nikafuta kwa uoga. Mpwa wangu anasema akaunti hiyo anaivunja kwa dakika kumi anairudisha. Mume wangu yeye anasema nibadilishe jina tuanze upya tuachane na kelele.

Jina la bibi Shangazi, nalibadilishaje? Na hicho cheti changu kumbe hakina kazi?

Mama Pilipili, Busia

Marahaba mwanangu,

Usibadilishe jina, hilo nalisema kwanza ili upumue. Mumeo anatafuta amani ya nyumba namwelewa, ila ukilibadilisha leo umemwachia kijana jina, mitaji ya miaka yote hiyo na wateja, na ukianza jipya bila kujifunga vizuri atakuja mwingine afanye hivohivo.

La pili, mwambie mpwa wako akae mbali na hiyo akaunti. Najua anakupenda na ana hasira kwa ajili yako, lakini kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa kwa sheria yetu ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011, na hapo hakuna atakayeuliza nani alianza. Leo wewe ndo uliyeumizwa, kesho mpwa yuko rumande na kijana ndo mlalamikaji.

Sasa tuje kwa cheti. Kijana amekwambia nusu ya ukweli na hiyo nusu ndo imekutisha. Cheti cha jina la biashara kinasema nani yuko nyuma ya biashara, basi. Hakimzuii mtu kubandika jina hilo kwenye chupa yake. Kinachozuia ni alama ya biashara, ndo hiyo tredimaki, na hiyo inaandikishwa URSB hiyohiyo lakini ni fomu nyingine, rejista nyingine, na sheria yake ni ya 2010. Watu wengi sana wanaanguka hapa, wanatoka pale na karatasi yenye muhuri wanaona wamemaliza. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilikuwa na jina la nguo nilizoshona, cheti ninacho, siku moja nikakuta mwenzangu tuliyekuwa tunagawana duka ameliandikisha kama alama, nikanyamaza kwa aibu mpaka muda ukapita. Sitaki ikukute wewe, ndo maana nimekujibu haraka.

Lakini kupeleka maombi sio kupewa, shika hilo. Ombi likifika URSB linakaguliwa, likipita linatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na kuanzia siku ya kutangazwa kuna siku 60 ambazo mtu yeyote anaweza kuleta pingamizi. Zinahesabiwa toka tarehe ya gazeti, sio siku wewe uliposikia, kwa hiyo kila siku unayolia nyumbani inaweza kuwa inakatwa humo. Jumatatu panda taksi uende Mbale, URSB wana ofisi pale, huna haja ya kufika Kampala, na kuna mambo mengi wanafanya mtandaoni pia. Omba upekuzi wa jina hilo kwenye daraja la 30, hapo ndo zinakaa sosi na viungo, na uulize pia mchoro wa kinu. Kama ombi lake halipo kabisa, maana vijana wanajua kutisha, weka la kwako siku hiyohiyo kwa sababu tarehe ya kupeleka ombi ina uzito. Kama lipo na limetangazwa, unaweka pingamizi kwa maandishi na hapo tafuta wakili hata kama ni kwa ajili ya karatasi hiyo moja tu. Kama lipo ila halijatangazwa, weka la kwako na uanze kufuatilia gazeti. Na hata ingekuwa ameshapewa, mlango haujafungwa, unaweza kuomba lifutwe kwenye rejista, ila huo ni mlima mrefu zaidi ndo maana nakuhimiza sasa. Malipo yote ni kwa PRN, ile namba ya malipo unayopewa, unalipa benki au kwa simu, mtu akikwambia nipe keshi nikusukumie hapo koridoni achana naye.

Ukiandikisha omba vyote viwili, jina na ile lebo yenye kinu. Wakikupa inalinda miaka 7 ya kwanza, alafu unaihuisha kila miaka 10.

Sasa kwenye pingamizi utaulizwa kitu kimoja, nani alianza kulitumia hili jina sokoni na wateja wanamjua nani. Na hapo mwanangu wewe una mali nyingi kuliko unavyodhani. Zile posti zako za Facebook za 2019 bado zina tarehe. Vuka mpaka hapo ng'ambo, weka laini ya Kenya, Facebook inafunguka bila kuhangaika na VPN, ingia kwenye ukurasa wako upige skrinshoti posti moja moja tarehe ionekane, na zile koment za watu wakiulizia bei ziache kama zilivyo, hizo ndo tamu. Cheti chako cha 2020 kitoe kwenye fremu ukipige kopi, hakikupi alama lakini kinaonyesha jina ulikuwa nalo lini. Faili ulilopeleka UNBS lina lebo yako ndani na tarehe ya kupokelewa. Chukua taarifa za mobile money za malipo ya wateja toka miaka hiyo. Kama kuna chupa ya zamani yenye karatasi ya uji wa muhogo imebaki kwa mtu, hata kwa shemeji huko kijijini, nenda uiombe.

Na hiyo "kutumi". Nimeisoma mara tatu barua yako nikifika hapo nasimama. Mtu anaweza kusema na mimi nilipenda njano, anaweza kusema kinu ni cha kila nyumba, kweli kila nyumba ina kinu. Lakini hakuna watu wawili wanaoacha herufi ileile kwa bahati, kwenye neno lilelile, mahali palepale. Hiyo herufi iliyokosekana inasema lebo yake imetoka kwenye lebo yako. Nenda Nasser Road kwa printa wako kabla hajafuta mafaili, maana wale kompyuta zao zinajaa wanafuta kila kukicha, muombe faili la kwanza na akuandikie barua fupi kwamba yeye ndo alilitengeneza, lini, kwa nani, na kwamba kosa ni la kwake. Asione aibu, mwambie hilo kosa limekuokoa. Kama una risiti yake ongezea. Alafu nunua chupa nyingine ya kijana, usiifungue, mtu aliyeinunua aandike jina lake, tarehe na mahali.

Mwenyekiti wa LC1 pia muombe akuandikie kilichosemwa siku ile. Kijana alisema mbele ya watu kwamba anajua una cheti na bado amepeleka ombi, yaani alijua kuna mwenye jina kabla yake. Yeye aliona anakukomoa, kumbe amekupa ushahidi.

Ukiniuliza mlango gani unafunguka haraka kuliko yote nitakwambia UNBS. Ruhusa ya Q ilitolewa kwako, kwa bidhaa unayopikia mahali pako walipokuja kukagua, haitembei na lebo. Mtu aliyeweka namba yako kwenye pilipili ambayo hawajaipima amewadanganya wao na amedanganya wanaokula, na wao wana uwezo wa kuitoa sokoni bila kusubiri kesi yako ya jina iishe. Andika barua, weka picha za chupa mbili zikiwa pamoja, na yule mama wa Tororo muombe atunze chupa yake na kama alienda kliniki atunze na karatasi ya kliniki. Hili la tumbo la mtu usiliache liwe la mwisho, ni la kwanza.

Kuhusu video. Sheria yetu ya hakimiliki ni ya 2006, na inasema kazi ikitengenezwa kwa kuagizwa na mtu, kama hakuna mkataba unaosema vingine, hakimiliki ni ya aliyeagiza. Wewe uliagiza, ukalipa, hakuna mkataba. Hapa kutoandika kumekusaidia, sehemu nyingi kunaua. Na hakimiliki haihitaji cheti, inakuja yenyewe kazi inapotengenezwa, kwa hiyo fungua fomu ya malalamiko ya hakimiliki ndani ya TikTok uwaambie hizi video ni zako, weka linki ya kila video na meseji za malipo. Usitumie ile fomu ya alama ya biashara kwa sasa, hiyo wanataka namba ya usajili, utaitumia cheti kikitoka. Ila zile video nane anazosema hujamlipa, mwanangu, kaa chini uhesabu kwa moyo safi. Kama ni kweli, mlipe, kwa mobile money ili ibaki rekodi. Ni haki yake, na pia utasimama mbele ya msajili au hakimu ukiwa hudaiwi.

Akaunti yenyewe nitakuwa mkweli kwako, kuirudisha ni ngumu. Ilifunguliwa kwa laini iliyoandikishwa kwa kitambulisho chake, kwa macho ya TikTok mwenyewe ni yeye. Video zinaweza kushushwa, akaunti ikabaki kwake tupu. Fungua mpya leo, kwa laini yenye NIN yako, namba ya kitambulisho cha taifa, simu ikae kwako, anayekusaidia kuposti umpe kazi sio funguo.

Na kuna kitu kitakuuma. Resipi. Hakimiliki hailindi wazo wala namna ya kupika, na siri za biashara tuna sheria yake ya 2009, lakini inalinda kitu ambacho kweli ni siri. Ulichokionyesha watu elfu 40 sio siri tena, hata kama ni cha bibi. Kama kuna hatua hukuionyesha, siku ngapi unailoweka, nini unatia mwisho, hiyo ifungie, na msaidizi yeyote atakayeijua asaini karatasi kwanza.

Hao wateja 600 sasa. Hapa nakusema na wewe kidogo. Namba zao ni taarifa zao, wamekuamini wewe, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2019 inakuhesabu kama mkusanyaji hata kama ofisi yako ni jikoni. Unatakiwa uwe umejiandikisha na ofisi ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, na zikivuja unatakiwa uiambie ofisi hiyo mara moja. Fanya vyote sasa, usiogope kwamba umechelewa. Yeye kuzichukua na kuzitumia bila ruhusa ni kosa kwa sheria hiyohiyo, kifungo kinaweza kufika miaka 10, kwa hiyo kwenye barua ya wakili hilo liandikwe waziwazi.

Status uliyofuta ulifanya vizuri, hata kama ulifuta kwa uoga. Sheria ile ya kompyuta ilifanyiwa marekebisho 2022 na maneno ya hasira mtandaoni yameshawaweka watu matatani, na hata bila hiyo mtu anaweza kukushtaki kwa kumchafulia jina kabla mahakama haijasema lolote. Lakini kunyamaza pia sio dawa, wateja lazima wajue. Waandikie hivi: "Wapendwa wateja, kuanzia tarehe fulani pilipili yetu inauzwa kwa namba hii tu na akaunti hii tu. Akaunti ya zamani haiko mikononi mwetu. Chupa iliyonunuliwa kwingine hatujui imetengenezwa wapi." Mwizi hayumo, jina lake halimo, kila neno ni kweli na unaweza kulisimamia popote. Zile meseji zake za vitisho usifute hata moja, ziache kwenye simu yenyewe sio skrinshoti tu, sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2011 inakubali ushahidi wa aina hiyo ila wakitilia shaka wataomba kuona ulikotoka. Simu hiyo usiuze, usimpe mtoto achezee.

Kama yote yakishindikana kuna kesi ya mtu kuuza mali yake akijifanya ni ya mwenzake, mawakili wanaiita pasing ofu, hiyo unaweza kufungua hata kama alama yako bado haijaandikishwa, unaonyesha wateja wanalijua jina lako, wamedanganywa, na umepata hasara. Mara nyingi inaenda Mahakama Kuu, inachukua muda na hela, ndo maana nataka kwanza barua ya wakili imfikie. Na katika hiyo barua mwachie njia ya kutokea. Ni mtoto wa jirani, mama yake mnakutana kwenye maji. Aondoe ombi lake, arudishe akaunti, afute namba, ateketeze lebo mbele ya mwenyekiti, na wewe umalizie deni la video, mwandike, msaini wote na mashahidi. Akikataa, tarehe ya barua inabaki kwenye faili lako.

Wateja wa ng'ambo karibu nisahau. Cheti cha URSB kinaishia pale kwenye geti la mpaka. Kenya wana ofisi yao, KIPI, na unaandikisha upya kule. Sio lazima mwezi huu, maliza hapa kwanza, ila kijana akiona amebanwa huku anaweza kuvuka hatua mia mbili akaendelea, kwa hiyo ukipata faida ya sikukuu iweke kwa hilo.

Ukitoka Mbale niandikie majibu ya upekuzi, na kama limetangazwa nitumie tarehe ya gazeti tuhesabu siku pamoja. Na lebo zilizobaki zenye "kutumi" usizirekebishe bado, weka angalau kumi kwenye bahasha, andika tarehe, funga.

Shangazi yako